Gari Lisilokaguliwa

Fahmo alitaka ndoano mbili tu. Zichomelewe kwenye chasi, moja kila upande, nyuma ya magurudumu, ili kina mama wa Merti wapate pahali pa kufungia kamba za mitungi yao ya maziwa. Kesho yake gari lilikuwa linauzwa kwao. Yeye mwenyewe alikuwa amelipanda miaka mingi, akikusanya maziwa ya ngamia kutoka Korbesa na Merti hadi Isiolo mjini, na hakuona vizuri kulitoa mikononi mwake bila kuongeza zawadi ndogo.

Fundi Sharamo hakuona zawadi yoyote. Alilizunguka lile Landkruza kuukuu la kijani mara mbili, akajikuna shingo, akasema, "Hizo ndoano nitaweka kwa bodi, huku juu."

"Huku juu zitang'oka siku ya kwanza. Weka kwa chasi."

"Kwa chasi siwezi, Mama Hoda."

"Kwani umesahau kazi? Jana nilikuona unachomelea lori mzima."

"Lori ni lori."

"Na hii ni nini, punda?" Fahmo aliketi juu ya tairi bovu lililokuwa pale uani, akajipangusa vumbi usoni kwa ncha ya mtandio. "Sharamo, mimi leo nina kazi nyingi. Washa mashine, ama unipatie niweke mwenyewe."

Fundi aliwasha mashine. Aliinama nyuma ya gurudumu la kushoto, akatafutatafuta kwa vidole kama mtu anayepapasa sarafu gizani, kisha akagusisha waya. Chuma kikiguswa na moto wa namna ile hutoa cheche. Hiki kilitoa moshi mweupe, na baada ya moshi ikaja harufu ambayo Fahmo aliijua vizuri, kwa kuwa kila alfajiri aliwasha jiko lake la makaa kwa namna hiyo hiyo. Ilikuwa harufu ya gazeti linaloungua.

Alisimama. Alichukua nyundo iliyokuwa juu ya meza ya fundi, akakunja dera lake mapajani, akachutama, akagonga pale palipokuwa panafuka moshi. Rangi nyeusi ikapasuka. Kipande cha fila, ile lipu ya kuzibia bodi za magari, kikaanguka chini, kipana kama chapati, na nyuma yake kukatokea karatasi iliyobanwabanwa, ukurasa wa michezo, nusu yake imeshaungua. Akaivuta karatasi. Ukamwagika mchanga wa rangi ya majani ya chai yaliyochemshwa, umechanganyika na magamba ya chuma, ukamwagika na kumwagika mpaka ukawa kichuguu kidogo mbele ya viatu vyake. Pale palipopaswa kuwa na chasi palikuwa na tundu ambalo ngumi yake ingeingia bila kugusa ukingo.

"Hii ni nini?" aliuliza.

Sharamo alizima mashine. "Ni kutu."

"Kutu naiona. Nauliza gazeti."

Fundi alimtazama, kisha akatazama barabarani, labda akitumaini mteja mwingine angetokea. Hakutokea mtu. "Mama Hoda, usinitie kwa maneno ya nyumba yenu. Mzee wako alileta gari mwaka jana, baada ya mvua. Mimi nilimwambia, hii tukate yote iliyooza, tuweke bamba jipya, tupake dawa ya kutu, halafu ndani tumwage oili chafu ishike vizuri. Nilimwambia wallahi. Akauliza bei. Nikamwambia. Akasema, funika."

"Funika."

"Funika ipite. Akaja tena wakati wa Ramadhani, ikapasuka, nikafunika. Akaja juzi, nikafunika. Hiyo fila umegonga ni ya juzi."

Jamani, mtu afanyeje akisikia maneno kama hayo? Fahmo hakulia wala hakupiga kelele. Mwaka mzima! Mwaka mzima alipanda gari lile mara mbili kwa wiki, kina mama wanane, kumi, wamekaa juu ya mbuzi na mitungi, wameshika vyuma vya keria, mwezi wa tano wakampandisha na msichana mjamzito wa Korbesa aliyekuwa anakimbizwa hospitali. Na hapa chini yao wote kulikuwa na habari za mpira.

"Hapa pameshika nini?" aliuliza akionyesha tundu.

"Hapo ndipo springi ya nyuma imefungwa. Ikiachilia, tairi linaenda kando."

"Na gari?"

"Gari inalala."

"Na uliona tukipanda. Tulikuwa tunapita hapa mbele yako, unatupungia mkono."

"Mimi ni fundi, mama. Sio mwenye gari."

Fahmo alimwangalia mpaka fundi akainamisha macho. Kisha akamuuliza kutu ile ilitoka wapi, katika nchi ambayo mvua yenyewe huja kama mgeni asiyependa kukaa. Sharamo akamwambia, na safari hii hakuficha kitu, maana lawama ilikuwa inahama kwake. Ni mchanga. Kina mama walipopakia mbuzi wa kwenda soko la mjini, walitandaza mchanga wa mto ndani ya kasha la gari ili mbuzi wasiteleze na mkojo usitapakae hadi kwenye mitungi. Mchanga ulinyonya mkojo, ukanyonya maziwa yaliyomwagika, ukanyonya na vumbi la chumvi ya mifugo. Wakifika mjini walifagia wa juu. Wa chini ulipenya kwenye mianya, ukaingia ndani ya chasi, ukakaa humo, mbichi siku zote, unakula chuma.

"Mchanga niliweka mimi," Fahmo alisema.

"Uliweka. Kila mtu wa huko anaweka. Hiyo si dhambi. Ungetoa wote, unaosha na maji safi, basi."

Hilo Fahmo alilikubali. Kosa la mchanga lilikuwa lake na la wenzake, walilifanya kwa nia ya usafi, na hakuna aliyewaambia. Lakini gazeti halikuingia kwenye chasi kwa bahati mbaya.

*

Mumewe, Guleid, alikuwa nyumbani mtaani Bulla Pesa, ameketi barazani kwa msuli safi wa macawis na fulana nyeupe, anakunywa chai. Alikuwa mtu wa ukoo uliojulikana mjini. Babu yake aliletwa Isiolo na jeshi la Mwingereza, akapewa pahali pa kujenga, na wajukuu wake wakawa watu wa malori na maduka. Guleid hakuwa na lori wala duka, ila jina alikuwa nalo, na alilitunza kuliko alivyotunza kitu kingine chochote. Kadi ya gari ilikuwa na jina lake. Nusu ya bei ya gari ilitoka kwenye maziwa ya Fahmo, lakini kadi haina nafasi ya kuandika mambo ya maziwa.

Fahmo aliiweka ile karatasi iliyoungua mbele yake, kando ya kikombe.

Guleid aliitazama. "Nani alikutuma kwa fundi?"

"Hilo ndilo swali lako?"

"Gari kuukuu ni gari kuukuu. Linauzwa vile lilivyo. Hata ngamia mzee anauzwa."

"Ngamia mzee mnunuzi anamfungua mdomo, anahesabu meno. Wewe umefunga mdomo wa gari kwa gazeti."

"Wakitaka kukagua, wakague. Nimewazuia?"

Na hapo ndipo hasira ya Fahmo ilipochemka kweli, kwa sababu wote wawili walijua jibu. Kina mama wa maziwa walikuwa na desturi yao. Maziwa ya mgeni huonjwa, hunuswa, hupimwa. Maziwa ya mwenzako huonji. Unayapokea mtungi umefungwa, unamimina, unalipa. Kuonja maziwa ya mwenzako mbele yake ni kumwambia usoni kwamba ni mwizi, na wanawake walikuwa wamegombana miaka kwa tone moja lililoguswa ulimini. Abiba, kiongozi wao kule Merti, alipoletewa habari kwamba gari linauzwa, alisema neno moja tu: kama ni gari la Fahmo, tunalichukua. Walichanga. Kuna aliyeuza mbuzi, kuna aliyeuza herini. Guleid alilijua hilo lote. Hakuwa anauza gari, alikuwa anauza jina la mkewe.

"Wamekubali kwa ajili yangu," Fahmo alisema.

"Vizuri. Basi ushukuru una jina zuri."

"Tulitengeneze kwanza. Sharamo akate, aweke bamba. Tuuze wiki ijayo."

"Kwa pesa ya nani? Ile Probox ya Meru mwenyewe hangoji wiki ijayo." Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto yake, Probox ya kubeba abiria kwenye lami tupu, bila vumbi, bila mbuzi, bila harufu ya maziwa.

Simu ya Fahmo ililia. Alikuwa Abiba, akiwa njiani, amepanda lori la ng'ombe kutoka Merti pamoja na mwenzake Tuye. Guleid aliegemea nyuma akamkodolea mkewe macho. Fahmo alipokea, wakasalimiana, wakaulizana hali ya watoto, mifugo na malisho. Kisha Fahmo akasema polepole, "Dada Abiba, kesho mkuje na fundi wenu. Mkachukue mmoja pale stendi, aangalie gari chini."

Kicheko cha Abiba kilisikika hadi barazani. "Niangalie gari yako chini? Halafu wewe kesho utaonja maziwa yangu kama nimetia maji? Mama Hoda, wacha hiyo. Sisi hatutakuaibisha."

"Si kuaibisha, dada. Nakuambia..."

Guleid alinyoosha mkono, akaitwaa simu sikioni mwa mkewe kwa upole kabisa, akamwambia Abiba, "Salaam aleikum, mama. Gari iko tayari inawangoja," akaikata, akaitia mfukoni. Simu ya mkewe, iliyonunuliwa kwa maziwa, ndani ya mfuko wa fulana yake.

"Ukifungua mdomo mbele ya watu," alisema, "utaenda kukaa kwa kaka zako. Na watoto wanabaki hapa."

Alilisema kama mtu anayeagiza chai nyingine. Fahmo alibaki amesimama, mkono bado uko sikioni. Ndani ya nyumba mama mkwe wake, Deqa, alikuwa anakohoa na kuuliza nani amepiga simu.

*

Asubuhi gari lilikuwa limesimama mbele ya nyumba, limeoshwa, linang'aa. Guleid alikuwa ameamkia kwa Sharamo. Fahmo alipopita nyuma yake na ndoo ya maji aliinama kidogo, akaona tundu limezibwa tena na kupakwa rangi nyeusi ambayo bado ilikuwa mbichi. Kijiti kilichoanguka kutoka kwenye mti kilikuwa kimenasa juu yake.

Usiku kucha alikuwa amepiga hesabu ya maneno. Akisema chasi imeoza, Guleid atacheka, atasema mwanamke hataki gari liuzwe, si mnajua amelizoea. Mzee Umuro, aliyeitwa awe shahidi, atatabasamu naye. Abiba atamwamini Fahmo, lakini Abiba ni mwanamke mmoja kwenye baraza la mwanamume mwingine, na fila ya Sharamo ilikuwa ngumu juu, imepakwa vizuri. Na jioni yake Fahmo angekuwa kwenye gari la watu akielekea kwa kaka zake, na mwanawe Hoda amebaki dirishani. Yote hayo aliyapima. Kisha alfajiri, baada ya kuswali, aliingia chumbani kwa mama mkwe wake, akakaa naye kidogo, akamsaidia kufunga mzigo.

Wageni walifika saa tatu. Abiba alikuwa mama mnene wa miaka hamsini na kitu, sauti kubwa, vidole vimekauka kwa moshi wa kufukizia mitungi. Tuye alikuwa mdogo wake kwa umri, mkimya, amebeba pesa za kikundi ndani ya kifuko alichokifunga kifuani na kukiangalia kila mara. Walikunywa chai ya maziwa ya ngamia. Abiba hakulitupia gari jicho hata mara moja, kwa makusudi, ili Fahmo aone kwamba hatazami. Heshima ile ilimkata Fahmo maini.

Mzee Umuro alikuwa dalali wa soko la mifugo, na aliendesha mauzo ya gari kama alivyoendesha ya ngamia, kwa kuwa hakujua namna nyingine. Alimshika Guleid mkono wa kulia, akashika ncha ya shuka la Abiba, akauliza, "Mwenye mali, ina ila?"

"Ni kuukuu, mzee. Mnaiona."

"Nimeuliza ila."

"Haina zaidi ya uzee."

"Mnunuzi, umekagua?"

"Hatukagui kwa Fahmo," Abiba alisema. "Tuye, toa pesa."

Tuye aliingiza mkono kifuani. Wakati huo pazia la mlango likafunguka, akatoka Deqa, kikongwe mwembamba aliyevaa viatu vyake vya Idi, amejitanda shali mpya ya garbasaar, mkononi ana mzigo uliofungwa kwa kitambaa cha maua. Alisalimia kila mtu, akaenda moja kwa moja nyuma ya gari.

Guleid aligeuka. "Hooyo, mama, unaenda wapi?"

"Merti. Kumwona dada yangu, kabla mmoja wetu hajaondoka duniani. Fahmo ameniambia hawa kina mama wanarudi na gari leo."

"Nafasi iko tele," Abiba alisema kwa furaha. "Mama, utakaa nyuma karibu na mimi, mbele kuna joto la injini. Tutakutandikia magunia."

"Ataenda na basi Jumatatu," Guleid alisema.

"Basi ya nini, na gari iko hapa?" Deqa aliuliza.

"Barabara ni mbaya, hooyo."

"Barabara ya Merti ilikuwa nzuri lini? Nilipita kwa miguu nikiwa na mimba yako." Alicheka, akawapa kina mama mgongo, akarusha mzigo wake ndani ya kasha. "Nishikeni mkono."

Fahmo alikuwa amesimama karibu na gurudumu, sinia la vikombe mikononi. Alikuwa ameapa moyoni kwamba kama mwanamume huyu angenyamaza mpaka mguu wa pili wa mama yake uinuke, angelitupa sinia na kusema yote, liwe litakalokuwa. Deqa aliweka mguu mmoja juu ya bampa. Abiba akamshika kiwiko.

Guleid alivuka ua kwa hatua ambazo hakuna mtu aliyewahi kumwona akizipiga. Alimkamata mama yake mkono.

"Shuka," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hooyo, tafadhali. Usipande hiyo gari."

"Kwa nini nisipande?"

Macho ya Guleid yalikwenda nyuma ya gurudumu. Mzee Umuro aliuangalia mkono wake mwenyewe, ule uliokuwa umeshika wa Guleid, akaupangusa kwenye shuka lake. Tuye alitoa mkono kifuani, mtupu. Abiba alisimama akimtazama mwenye gari kwa muda, kisha kwa mara ya kwanza akamtazama Fahmo kama mtu anayeomba ruhusa, na Fahmo akatikisa kichwa kukubali. Yule mama mnene akapiga magoti mavumbini, akaingiza kichwa nyuma ya gurudumu, akabonyeza kwa kidole gumba. Aliporudi nje kidole kilikuwa cheusi. Alikinusa, kama anavyonusa maziwa ya mgeni.

"Wanawake wanane," alisema. Hakupaza sauti. "Wanawake wanane wangekaa hapo juu, Guleid. Mmoja ana mtoto wa wiki mbili. Tuye, funga hiyo pesa vizuri." Kisha akamgeukia Fahmo, na uso wake haukuwa na shukrani ndani yake. "Na wewe uliniacha nikunywe chai kwanza."

Fahmo aliipokea hiyo. Ilikuwa haki yake Abiba kuisema. Wenzake walikuwa wameuza mbuzi na herini, na leo wangerudi nyumbani kwa lori la ng'ombe, bila gari. Aliweka sinia chini, juu ya bampa lile lile, vikombe vikagongana. Jambo moja tu lilikuwa limemjaa kichwani tangu mumewe alipovuka ule ua, na halikuwa la Abiba, wala la kaka zake, wala la Probox ya Meru.

"Mama yako asipande," alimwambia mumewe. "Sawa. Ni mama yako. Mimi nimepanda mwaka mzima, Guleid. Jumanne na Ijumaa, Hoda nimempakata. Ulikuwa unajua. Ulikuwa unatoka hapa barazani, unatufungia mlango wa gari kwa mkono wako, unasema safari njema."

Guleid aliutazama mlango wa gari. Mama yake akautoa mkono wake taratibu kutoka kwenye mkono wa mwanawe, akaushusha mzigo wake kutoka garini, akaketi juu yake, akamtazama akingoja ajibu.